Ustaarabu Usio na Baraza: Uhakiki wa Mchezo wa Age of Empires II kwa Kuzingatia Historia ya Upare

Utangulizi

Mchezo wa kompyuta wa Age of Empires II: The Age of Kings ulitolewa mwaka 1999. Uliundwa na Ensemble Studios ya Marekani, ukachapishwa na Microsoft, na toleo lake lililofanyiwa ukarabati mwaka 2019 lingali likichezwa na kuongezewa sehemu mpya. Ni mchezo wa mkakati wa papo kwa papo, yaani wachezaji wote hutenda kwa wakati mmoja na hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Kila mmoja huchagua ustaarabu wake, hupewa jengo kuu la mji pamoja na wanakijiji wachache, kwa kawaida watatu, na kutoka hapo hukusanya chakula, mbao, dhahabu na mawe ili avuke enzi nne: Enzi ya Giza, Enzi ya Ukabaila, Enzi ya Ngome na Enzi ya Himaya. Anayewahi kuvuka hupata silaha bora kuliko anayechelewa. Historia, kwa mujibu wa mchezo huu, ni mashindano ya kupanda ngazi moja.

Uhakiki huu unausoma mchezo huo sambamba na historia ya Upare, nchi ya milima inayopita katika wilaya za Same na Mwanga mkoani Kilimanjaro. Upare haumo katika mchezo, na uhakiki huu hauanzi kwa kulalamikia jambo hilo. Hakuna kazi ya sanaa inayoweza kubeba kila jamii, na kumkemea mtunzi kwa sababu hakuutaja mlima wa mhakiki ni uhakiki mwepesi. Swali linaloulizwa ni jingine: je, kanuni za mchezo zingeweza kuihimili historia ya Upare hata kama Wapare wangeingizwa katika orodha ya staarabu? Bogost (2007) amedai kwamba mchezo wa kompyuta hushawishi kwa kanuni zake, na si kwa maneno na picha peke yake. Kile ambacho kanuni inakiruhusu au inakizuia ndiyo kauli ya mchezo kuhusu ulimwengu. Kwa kigezo hicho, hoja inayotetewa hapa ni kwamba Age of Empires II ni kazi ya ufundi mkubwa iliyosimama juu ya dhana moja isiyotamkwa, kwamba kujenga ni kutii. Chuma, maji na kodi, ambayo ni mambo yanayojitokeza sana katika historia ya Upare, yote ni habari za watu waliobishana, wakakubaliana na wakati mwingine wakakataa.

Chuma kisichochimbwa

Jambo la kwanza linalomshangaza msomaji anayeijua historia ya Upare ni kwamba katika mchezo huu hakuna chuma. Mhunzi yupo, ana jengo lake, na humpatia mchezaji maboresho kwa mfuatano: ufuaji, kisha usubuji wa chuma, kisha tanuri kubwa. Hata hivyo hatua zote hizo hulipiwa kwa chakula na dhahabu. Ufuaji hugharimu chakula 150. Usubuji hugharimu chakula 220 na dhahabu 120. Hakuna mahali popote katika ramani ambapo mwanakijiji huchimba madini ya chuma, na hakuna anayechoma mkaa. Katika mchezo wa kwanza wa mfululizo huu, uliotolewa mwaka 1997, hali ni ya ajabu zaidi. Enzi ya mwisho inaitwa Enzi ya Chuma, nayo hufikiwa kwa kulipa chakula 1,000 na dhahabu 800. Mchezaji huingia katika enzi ya chuma bila kukigusa chuma chenyewe.

Huko Ugweno, kaskazini mwa Upare, chuma kilikuwa na mahali pake na kilikuwa na wenyewe. Wahunzi wa ukoo wa Washana walikusanya mchanga mweusi wenye madini, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, na kazi ya mikono yao ikafika Uchagani na kwa Wamaasai. Kimambo (1969), akitegemea masimulizi ya koo, anaeleza kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno kwanza, na kwamba ukoo wa Wasuya ulioongozwa na Angovi uliwapindua. Baadaye Mranga, mwana wa Angovi, aliupanga upya utawala huo kwa njia ya mabaraza na kwa jando lililowakutanisha vijana wa koo mbalimbali. Katika yote hayo Washana hawakuacha kufua. Wasuya walikichukua kiti, hawakuichukua nyundo.

Tukio kama hilo haliwezi kuelezwa kwa kanuni za Age of Empires II. Ndani ya mchezo, ujuzi na mamlaka hukaa katika mkono mmoja. Aliyegharamia uvumbuzi huumiliki wote papo hapo, na askari wake wote, walio karibu na walio mbali, hupata makali mapya katika nukta ileile ya wakati. Mhunzi wa mchezo hana ukoo, hana mwiko, hana deni la mtu, na hawezi kumnyima mtawala jembe. Katika Ugweno ya masimulizi, mtawala mpya alilazimika kuishi na watu aliowapindua, kwa kuwa ujuzi ulikuwa wao. Mwanafunzi wa historia anayeyasoma mapinduzi ya Wasuya hujifunza kwamba teknolojia inaweza kuwa na nguvu ya kisiasa hata baada ya wenye teknolojia kushindwa. Anayecheza hujifunza kwamba teknolojia ni bidhaa ya kununuliwa.

Kutokuwapo kwa mkaa nako si jambo dogo. Heckmann (2014) amefuatilia miaka elfu mbili ya matumizi ya ardhi na mmomonyoko wa udongo katika Upare Kaskazini, na wayeyushaji wa chuma ni sehemu ya simulizi hiyo pamoja na wakulima na misafara. Katika mchezo kila mti una mbao 100. Mti ukishakatwa, ardhi inayobaki huwa tayari kwa nyumba au shamba, na haina kumbukumbu yoyote ya msitu. Wapare walikuwa na misitu isiyokatwa: mpungi, mahali pa tambiko la ukoo, na mshitu, mahali pa jando. Msitu wa namna hiyo ungekuwa kitendawili kwa mchezo, kwa sababu thamani yake inatokana na kutoguswa kwake, na mchezo haujui thamani isiyohesabika katika ghala.

Shamba lisilokunywa maji

Shamba katika Age of Empires II hugharimu mbao 60. Hutoa chakula 175, kisha huchoka na kulazimika kupandwa upya kwa gharama ileile. Haki isemwe kwamba huku kuchoka kwa shamba ni wazo zuri: michezo mingi ya aina hii huyafanya mashamba kuwa chemchemi zisizokauka, lakini hapa mchezaji hukumbushwa kwamba ardhi ina kikomo na kwamba kilimo hula msitu. Ila shamba hilo linaweza kuwekwa popote penye nafasi, hata katika ramani iliyochorwa kama nchi kame, nalo litatoa chakula kilekile. Maji yamo katika mchezo, tena yamechorwa kwa ustadi. Hubeba meli na samaki na huzuia jeshi kupita. Kitu kimoja tu hayafanyi. Hayanyweshi.

Mtu aliyesimama Same mjini hawezi kuifikiria nchi kwa namna hiyo. Mji uko tambarare, upande wa magharibi wa milima, ambako mvua ni haba. Juu yake kuna misitu ya Chome na kilele cha Shengena kinachozidi meta 2,400, ambako mawingu hutua. Umbali kati ya ukame na umande ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Kwa hiyo historia ya Upare Kusini, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuyashusha maji kutoka juu kwenda chini bila kuwavunja watu walio katikati. Chombo cha kazi hiyo ni mfereji na ndiva. Ndiva ni bwawa dogo linalojengwa ubavuni mwa mlima. Mfereji huleta maji kutoka mtoni, maji hukusanywa humo, kwa kawaida usiku, kisha hufunguliwa asubuhi yakiwa na nguvu ya kutosha kuyafikia mashamba yaliyo mbali. Bila ndiva, maji kidogo ya mfereji yangezama ardhini kabla ya kufika.

Makurira na wenzake (2007) wameichunguza ndiva ya Manoo katika bonde la Makanya, wilayani Same, na kuonyesha jinsi wakulima wadogo wanavyoiendesha wenyewe. Chombo chenyewe ni cha kawaida, na ugumu wote umo katika utaratibu. Kuna kamati, kuna zamu, kuna siku za kuzibua mfereji ambazo kila kaya hudaiwa mtu, na kuna lawama kwa asiyefika. Zaidi ya hapo kuna uhusiano wa vijiji na vijiji. Walio juu, kama Vudee, wanaweza kuyazuia maji. Walio katikati, kama Bangalala, hutegemea makubaliano nao. Na Makanya, chini kabisa, hungoja mafuriko ya msimu na kuyaelekeza mashambani yanapofika. Mfungio wa udongo na majani unaoziba mfereji ni kitu ambacho mtoto anaweza kukivunja kwa jembe. Kinachoulinda ni neno walilokubaliana watu.

Hapa ndipo tofauti kati ya mchezo na Upare inapokuwa ya kina zaidi kuliko kuwapo au kutokuwapo kwa maji. Wachezaji wazoefu wa michezo ya papo kwa papo wanajua kwamba kuna rasilimali ya tano isiyoonyeshwa juu ya kioo, nayo ni uangalifu wa mchezaji. Hawezi kutazama vita na mashamba kwa wakati mmoja. Anapoongoza wapanda farasi ng'ambo ya mto, nyumbani wanakijiji wake wamesimama bila amri. Ustadi wa mchezo, na raha yake yote, ni kuugawa uangalifu huo wa mtu mmoja kwa haraka isiyo ya kawaida. Zamu ya maji ni jibu jingine kwa tatizo hilohilo. Hakuna jicho moja linaloweza kulinda mfereji mrefu usiku kucha, kwa hiyo uangalifu hugawanywa kwa watu wengi, kila mmoja na mfungio wake na saa yake. Mchezo unalijua tatizo hilo la utawala lakini umeziba njia ya suluhisho, kwa kuwa wanakijiji wake hawana macho yao wenyewe.

Si kwamba suala la maji limebaki katika historia ya kale. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, umekuwa katika mazungumzo ya wilaya hizi kwa miaka mingi, na katika mazungumzo hayo maswali ni yaleyale ya ndiva: nani yuko juu, nani yuko chini, na bomba linaanza kwa nani.

Mlima kama silaha

Kuhusu milima yenyewe mchezo hauna mengi ya kusema. Askari aliye mahali pa juu humdhuru aliye chini kwa ongezeko la asilimia 25, na aliye chini hupungukiwa kwa kadiri hiyohiyo. Sehemu ya nyongeza ya mwaka 2023, The Mountain Royals, iliyoleta Waarmenia na Wageorgia, haikubadilisha msingi huo. Wageorgia walipewa kinga zaidi wanapopigana kutoka juu. Mlima umebaki kuwa mahali pa kumpigia adui. Wapare wa karne ya 19 wangelielewa hilo, kwa kuwa uvamizi wa tambarare uliwafanya wengi wakae juu. Lakini walishuka pia, wakauza na kununua mahali kama Gonja, ambako misafara ya kutoka Pangani ilipita ikielekea Kilimanjaro. Mlima ulikuwa ghala la maji, kaburi la wazee na ukuta, vyote pamoja.

Mbiru na kitufe cha wasio na kazi

Katika kioo cha Age of Empires II kuna kitufe kinachomwonyesha mchezaji mwanakijiji asiye na kazi. Kila anapobonyeza, kamera humpeleka kwa mtu mmoja aliyesimama, ili ampe amri. Ni kitufe kidogo, nacho ni miongoni mwa vinavyotumika sana, kwa sababu wanakijiji waliosimama ni hasara. Juu ya kioo kuna tarakimu nne zinazoonyesha, bila kukoma, mali yote ya ustaarabu. Vitu hivi viwili, hesabu ya mali na msako wa wasiofanya kazi, ndio moyo wa uchumi wa mchezo. Kodi haipo. Haipo kwa sababu haihitajiki: hakuna mali ya mtu binafsi wala ya kaya, kila gunia linalofika ghalani ni la mchezaji.

Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Walikuwa wakipinga mbiru. Neno hilo lilikuwa la zamani, likitaja ushuru ambao watu walikuwa wakiwatolea watawala wao. Utawala wa kikoloni, kwa kupitia machifu, ulilichukua jina hilo na kulivisha kodi mpya iliyokadiriwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Kimambo (1971) ameyachunguza mapambano hayo kwa kina. Kinachodhihirika katika masimulizi yake ni kwamba watu hawakukataa kila kodi. Walichokataa ni kukadiriwa: mtu kuja kupima mali ya kaya, kuiandika, kisha kutangaza kwamba huyu ana uwezo huu na yule ana uwezo ule. Walikataa pia kwamba jambo hilo lipitishwe bila wao kushauriwa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliandamana, wakidai kwamba waume zao wamekuwa mbali na nyumbani kwa muda mrefu mno kwa sababu ya mgogoro huo na kwamba utawala ulimalize. Hatimaye mbiru ilifutwa.

Kambi ya Same ikiangaliwa kwa macho ya mchezo ni jambo moja tu: maelfu ya wanakijiji wasio na kazi. Wamesimama, hawalimi, hawakati kuni, hawachimbi. Kitufe kingewapata mmoja baada ya mwingine na kila mmoja angepewa amri. Katika historia ya Upare, kusimama huko kulikuwa kazi kubwa kuliko kazi zote walizofanya mwaka ule. Kulihitaji chakula kibebwe kutoka milimani, wajumbe wachaguliwe, barua ziandikwe, na mashamba yaangaliwe na waliobaki. Mchezo hauna kanuni inayoweza kutofautisha mtu aliyesahauliwa na mtu aliyekataa.

Kuna utetezi unaostahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba mchezo ni burudani, na kwamba wanakijiji wabishi wangeuharibu. Utetezi huu hauna nguvu ya kutosha. Katika michezo ya awali ya mfululizo wa Civilization, ulioanza mwaka 1991, mji wenye watu wasioridhika huingia katika ghasia na uzalishaji husimama mpaka mchezaji awatulize, na michezo hiyo ilipendwa mno. Kwa hiyo ukaidi unaweza kuwekwa katika kanuni bila kuua raha. Ni kweli kwamba hata huko ukaidi ni ugonjwa unaotibiwa kwa hekalu au anasa. Mchezaji hapewi nafasi ya kugundua kwamba wakaidi walikuwa na hoja. Lakini angalau wapo. Katika Age of Empires II njia pekee ya mwanakijiji kumwacha bwana wake ni kuongolewa na mtawa wa adui, na hapo humtumikia bwana mpya kwa utii uleule.

Upande mmoja mchezo unastahili sifa. Wanakijiji wake huzaliwa wa kike na wa kiume, na wote hufanya kila kazi kwa nguvu sawa: kulima, kuchimba, kujenga ngome, kuwinda nguruwe mwitu. Kwa mwaka 1999 ulikuwa uamuzi usio wa kawaida katika michezo ya kivita. Hata hivyo usawa huo ni usawa wa mikono. Wanawake wa Usangi walikuja na madai, na dai ni kitu ambacho mwanakijiji wa mchezo, awe wa kike au wa kiume, hana mdomo wa kulisema.

Pwani na neno ustaarabu

Mwaka 2015 mchezo uliongezewa sehemu iitwayo The African Kingdoms. Staarabu nne ziliingizwa: Waberberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno. Kampeni zake zinamfuata Tariq ibn Ziyad, malkia Yodit, Sundjata, na Francisco de Almeida. Juhudi hii isibezwe. Kuwapo kwa Sundjata katika mchezo unaochezwa duniani kote ni jambo la maana, na wanakijiji wa Mali na Uhabeshi wamepewa sauti zao za Kiafrika. Lakini mpangilio wa orodha hiyo unasema jambo ambalo watunzi huenda hawakulikusudia. Ustaarabu wa nne katika sehemu inayobeba jina la falme za Kiafrika ni wa Ulaya, na ni kupitia kwa huyo wa nne kwamba Afrika Mashariki inaingia katika hadithi. Almeida ndiye aliyeishambulia Kilwa mwezi Julai mwaka 1505 na kuiteketeza Mombasa mwezi uliofuata. Mchezaji wa kampeni hiyo yuko upande wa merikebu. Waswahili si ustaarabu wa kuchagua; miji yao ni mahali pa kufikia.

Upare uko nyuma ya pwani hiyo, kwa hiyo haufikiwi hata na merikebu. Ni jambo la kujiuliza kama ungefaidika kwa kufikiwa. Neno la Kiswahili linalotumika kutaja kile anachokichagua mchezaji, ustaarabu, lina asili ya Kiarabu na mzizi wake unahusu kuwa kama Mwarabu. Lilizaliwa pwani na lilibeba kipimo cha pwani: kuna walio ndani ya mji na kuna wa bara. Kwa matumizi ya leo neno limepanuka na linatumika kwa adabu, kwa utulivu, hata kwa foleni nzuri ya basi. Lakini linapopachikwa juu ya orodha ya mchezo, kipimo cha kale hurudi kwa sura mpya. Wenye ngome ya mawe 650 na maajabu ya mawe 1,000, mbao 1,000 na dhahabu 1,000 ndio wastaarabu. Ndiva ya udongo haiingii katika daraja lolote la orodha hiyo. Mukherjee (2017) ameeleza jinsi michezo ya himaya inavyomweka mchezaji wa nchi zilizotawaliwa katika kiti cha mtawala na kumwachia ashughulike na mgongano huo mwenyewe. Kijana wa Same anayecheza Almeida hukaa katika kiti hicho bila mwalimu wala kitabu pembeni, na matokeo anayoonyeshwa mwishoni ni takwimu za jeshi, uchumi, teknolojia na jamii. Takwimu za jamii huhesabu, pamoja na mengine, ngome na maajabu.

Kihariri cha ramani

Mchezo huja na kihariri ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia kutengeneza ramani na hadithi yake. Hili ndilo jibu la kawaida kwa wahakiki wa aina hii: usilalamike, chora. Jibu hilo si la kupuuzwa, na kwa sehemu linafaa. Kwa kihariri hicho inawezekana kuinua safu ya milima kutoka kusini-mashariki hadi kaskazini-magharibi, kuweka msitu mnene mahali pa Chome, kutandaza mchanga mahali pa Same, na kuipitisha njia ya misafara chini yake. Inawezekana kuandika maneno yatakayotokea kioo kinapofunguka, na kumtaja Mranga. Inawezekana hata kuweka sharti kwamba mchezaji akiukata msitu fulani, ameshindwa. Mshitu ungepata ulinzi kwa namna hiyo.

Zaidi ya hapo mchoraji hukutana na ukuta. Anaweza kuuandika mkutano wa kijiji kama maandishi, lakini wanakijiji walio kwenye ramani wataendelea kukata kuni wakati maandishi yanasomwa. Anaweza kukusanya watu mia mbili, ambao kwa kawaida ndio kikomo cha idadi anayoruhusiwa mchezaji mmoja, mbele ya jengo la boma la Same. Kitufe cha wasio na kazi kitawaka. Na mto atakaouchora kutoka Shengena, ukapita Vudee na Bangalala hadi Makanya, utakuwa na rangi ileile ya buluu juu na chini. Aliye juu hataweza kuuziba, aliye chini hatakuwa na sababu ya kupanda kwenda kuzungumza naye, na mashamba ya wote wawili yatatoa chakula 175.